Kifo cha huruma ni kipi na kipi sicho

Watu wengi hapa Mombasa wakisikia kifo cha huruma wanafikiria kuzima mashine ICU, basi mjadala unaharibika hapo hapo kabla haujaanza. Kifo cha huruma, ama eutanasia, ni daktari kumdunga mgonjwa sindano kwa makusudi ili afe, sababu ugonjwa hauponi, mateso yamezidi na mwenyewe ameomba. Akipewa dawa akainywa kwa mkono wake hiyo ni kusaidiwa kujiua, na zipo sheria zinazotenganisha: Oregon kule Marekani wanaruhusu kunywa tangu 1997 lakini sindano hapana, Uholanzi sheria yao ya 2002 inakubali zote mbili.

Kuzima mashine ya kupumulia ni habari ingine, manake hapo kinachoua ni ugonjwa, daktari ameacha tu kuuzuia. Ndo maana hata dini zinazoikataa sindano katakata hapa zinalegeza kidogo. Waislamu tunasoma kwenye Suratun Nisaa msijiue, na hilo halina mjadala, lakini Baraza la Fiqhi, yaani sheria za dini, la nchi za Kiislamu lilikaa Amman mwaka 1986 likasema mtu ambaye ubongo wote ushakufa na madaktari wamethibitisha, mashine yaruhusiwa kutolewa hata kama moyo bado unapigishwa nayo. Papa Pius wa 12 naye 1957 alisema mgonjwa halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida ili aishi.

Tukirudi kwa sindano na kusaidiwa kujiua, Kenya sheria haina huruma. Kifungu cha 213 cha sheria ya adhabu kinasema ukimharakishia kifo mgonjwa, hata kama ugonjwa ungemuua tu, umemuua wewe, na kumsaidia mtu kujiua, kifungu cha 225, waweza kufungwa maisha.

Wanaotetea kifo cha huruma wanasema mwili ni wake, maumivu ni yake, wewe ni nani umlazimishe. Hoja nzito hiyo, siidharau. Lakini mimi nakwama kwa pesa. Chukua mzee wa Kisauni ana kansa, amelala chumbani, anawasikia wanawe sebuleni wanasoma grupu la mchango, nani katuma nani kanyamaza, kiwanja kiuzwe ama kingoje, sa akisema jamani niacheni nife, hapo anayesema ni yeye ama ni bili ya hospitali? Uholanzi bima ya afya ni lazima kwa kila mtu, kwa hivo ruhusa yao ukiileta huku vile vile ilivo haiwi kitu kile kile.

Alafu kuna mofini, dawa kali ya maumivu, na hapa ndo familia zinaumiza wagonjwa wao bila kujua. Ati ni dawa ya kumalizia mtu! Sio. Daktari akipandisha dozi pole pole kufuata maumivu, kusudi lake ni maumivu, hiyo haiitwi kifo cha huruma kwa dini wala kwa sheria, na Coast Hospice iko hapa hapa mjini kwa kazi hiyo ya kutuliza. Ile ya maji kawaida hunywewa kila baada ya masaa 4, kwa kufuata saa ya ukutani, haingojwi mpaka mtu aanze kulia ndo chupa itafutwe.