Yakini si Kipimo cha Kweli

Kila ninapoanza kufundisha somo la mantiki, huandika ubaoni namba 2, 4 na 6, kisha nikawaambia wanafunzi kwamba zimepangwa kwa kanuni ninayoijua mimi peke yangu. Kazi yao ni kuigundua kwa kunitajia namba nyingine tatu tatu, nami nitajibu tu kama zinaifuata au haziifuati. Zoezi hili ni la mwanasaikolojia Peter Wason, aliyelichapisha nchini Uingereza mwaka 1960.

Wa kwanza husema 8, 10, 12. Zinafuata. Wa pili, 20, 22, 24. Zinafuata. Haupiti muda mtu hutangaza, bila chembe ya shaka, kwamba kanuni ni kuongeza mbili. Sivyo: kanuni ni namba zinazopanda, basi, hivyo hata 1, 7 na 300 zingekubalika. Katika jaribio la Wason mwenyewe, kati ya washiriki 29 ni 6 tu walioipata kanuni bila kutangaza kwanza iliyo na makosa. (Nami nilipokuwa mwanafunzi nilikosea vivyo hivyo, tena nikabishana na mwalimu.)

Kukosea si ajabu. Ajabu ni namna ya kukosea. Ni nadra mtu kutaja 3, 8 na 11, namba ambazo kwa kanuni yake mwenyewe zilipaswa kukataliwa, ili aone kama kweli zitakataliwa, ilhali jaribio moja la namna hiyo lingemfunza kuliko "ndiyo" kumi. Mwamba ngozi huvutia kwake, na kwa kawaida tunaitumia methali hiyo kumsuta anayejipendelea. Lakini namba tatu hazimpi mtu mali wala cheo, na bado anaivuta ngozi.

Wataalamu hawajasalimika. Mwaka 1903, René Blondlot, mwanafizikia aliyeheshimika wa mji wa Nancy, Ufaransa, alitangaza kuwa amegundua miale mipya aliyoiita miale N, na wanasayansi kadhaa wakasema nao wameiona. Mwaka uliofuata mwanafizikia Mmarekani Robert Wood alikwenda kushuhudia, na chumba kilipokuwa gizani akauondoa kwa siri mche (prizimu) wa kupindisha miale hiyo, sehemu ya mtambo ambayo bila yake vipimo visingewezekana. Blondlot akaendelea kusoma vipimo vilevile. Sioni sababu ya kumwita mwongo. Naamini aliona alichosema ameona, kwa kuwa yakini iliyosimama juu ya kosa, kwa aliye ndani yake, haina ladha tofauti na ile iliyosimama juu ya kweli.

Je, tuishi bila msimamo? La. Mwanasayansi Mjerumani Alfred Wegener alisema mwaka 1912 kwamba mabara husogea, wanajiolojia wengi wakampinga, akashikilia hoja yake hadi alipofariki Greenland mwaka 1930, na ilikubaliwa kwa mapana katika miaka ya 1960. Hata hivyo, kuhusu nguvu zinazoyasogeza mabara alikosea, na ukakamavu wake haukulisahihisha hilo.

Siku hizi, kabla ya kufunga mjadala darasani, humwomba kila mmoja aandike ni ushahidi upi ungemfanya aiache kauli yake. Kuhusu kauli za wenzao huandika upesi. Kuhusu zao wenyewe kalamu husita, na karatasi kadhaa hurudi tupu, yangu ikiwamo safari moja.