Mpishi asipike siku yake: ninavyopanga sherehe za wafanyakazi Lamu

Kazi yangu ni kupanga shughuli za wafanyakazi katika hoteli, mashirika na ofisi za hapa Lamu, na swali la kwanza ninalomuuliza mwajiri anayetaka kuwashukuru watu wake halihusu bajeti wala mapambo. Humuuliza siku hiyo nani atapika, nani ataosha vyombo na nani atalinda lango. Wengi hujibu bila kusita kwamba wafanyakazi wenyewe watayafanya hayo, kwa kuwa wapo na kazi wanaijua, na hapo sherehe huwa imekwisha kuharibika kabla haijaanza.

Hilo nilijifunza kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia sherehe katika hoteli moja ya kisiwani, na hotuba zilipokuwa zikiendelea nikapita jikoni kutafuta maji ya kunywa. Nilimkuta mama mmoja wa udobi amejifunga leso kiunoni, anasugua sufuria la pilau, na gauni jipya alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo limerowa hadi magotini. Ukumbini meneja alikuwa akilisoma jina lake miongoni mwa waliotumikia miaka kumi. Watu walipiga makofi, naye hakusikia kwa sababu ya mlio wa bomba.

Tangu siku ile sikubali kazi bila mpishi wa kukodi. Kwa upande huu wa pwani hakuna kisingizio, kwa sababu wapishi wa harusi na maulidi wapo, nao huja na masufuria yao, miko yao na vijana wa kuosha vyombo. Kwa watu 40 mimi huagiza mchele kilo 6 na nyama kiasi hicho hicho, na chakula hupakuliwa kwenye masinia, ili mtunza bustani na mhasibu wakae mkeka mmoja. Kabla ya kula humpa mkubwa wa kazi birika na bakuli awanawishe watu wake mikono. Wako wanaoona haya, na mmoja aliwahi kuniambia kwamba hilo litamshushia heshima. Nilimjibu kwamba nyumbani kwake huwanawisha wageni kila siku na bado ni mwenye nyumba.

Tarehe huhitaji fikra zaidi ya chakula. Msimu wa wageni hushika kasi Desemba, wakati wa kaskazi, na kusi inapoingia hoteli nyingi hupunguza watu au kufunga kabisa ifikapo Mei na Juni. Waajiri hupenda kungoja utulivu huo, wakasahau kwamba vibarua wa msimu, ambao ndio waliobeba mizigo mizito, watakuwa wamekwisha kuagwa. Kwa hiyo huwashauri waifanye kabla mikataba hiyo haijaisha, hata ikibidi kuigawa mara mbili ili zamu ya usiku nayo ipate chake. Ramadhani hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na ikiangukia msimu wenyewe, futari ya pamoja inatosha kabisa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na kumwita mtu kazini siku hiyo aje ashukuriwe ni kumpa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine. Sherehe iwe ndani ya saa za kazi, na saa hizo zilipwe.

Kuhusu maneno ya shukurani, tunao mfano katika ngoma zetu. Mcheza kwao hutunzwa, na mwenye kutunza hangoji mwaka uishe ndipo aseme kwamba wachezaji wote walijitahidi. Huinuka pale pale, akamwendea yule aliyemgusa, mbele ya watu. Ndiyo maana kwa wiki mbili kabla ya sherehe mimi huzungumza na kila idara na kuandika jambo moja la kila mtu, kwa mfano nahodha aliyerudi usiku kumchukua mgeni mgonjwa. Mkubwa akilisema hilo kwa jina na kwa tukio, hotuba ya dakika tano inatosha. Cheti chenye maneno yale yale kwa watu wote sikipendi, na ninavyoona mimi, wanaopewa hawakipendi pia.

Kwa zawadi nitasema machache. Fedha taslimu huhesabiwa pamoja na mshahara na kukatwa kodi, ilhali marekebisho ya sheria za kodi ya mwishoni mwa 2024 yaliruhusu manufaa yasiyo ya fedha hadi shilingi 5,000 kwa mwezi bila kutozwa. Mhasibu aulizwe mapema, asije mtu akapokea bahasha leo na kukatwa mwisho wa mwezi.

Wanaopenda kutoka hutaka kwenda kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda, na ni pazuri, ila mlango wake ni kijito cha mikoko kinachopitika maji yakijaa tu. Ratiba hupangwa kwa maji, kisha ndipo kwa hotuba. Mara moja niliacha mkubwa aongeze maneno ya nusu saa, nasi tukasukuma mashua kwenye matope hadi magharibi, akina mama wamepandisha mabuibui na viatu mkononi. Walicheka sana siku iliyofuata. Siku yenyewe hakucheka mtu.

Na wako wanaokaa Mokowe na Hindi, ng'ambo ya bara, ambao huanza kutazama saa kabla chai ya mwisho haijamiminwa. Hao mimi huwawekea boti yao, na nahodha humlipa mwenyewe kabla sinia la kwanza halijatoka jikoni, pamoja na kifurushi cha pilau kwa kila mmoja cha kupeleka nyumbani.