Wakisema picha imelala: kukosolewa na kurekebisha picha ya dagaa na mawese

Anayepiga picha za vitu vilivyotulia ana bahati asiyokuwa nayo mpiga picha wa harusi. Bibi harusi akishaondoka kaondoka. Ungo wa dagaa bado upo mezani, na ukikosolewa unarudi kupiga tena. Bahati hiyo hupotea pale unapofungasha vitu kabla hujasikia neno la mtu. Kwa hiyo usivunje mpango wa vitu ulivyovipanga mezani. Bandika utepe wa gundi sakafuni ilipo miguu ya meza na ya stendi, piga picha moja ya pembeni inayoonyesha meza, dirisha na pazia, kisha andika saa. Bila hayo, ukiambiwa "kivuli kizito" utabadilisha mambo matano kwa mpigo. Picha itapendeza, ila hutajua ni kipi kilichoiponya.

Tuchukue mpango ambao wengi hapa Kigoma huanza nao: chupa ya mawese, ungo wa dagaa wakavu, kitenge chini yake, meza ikiwa kama sentimita 60 kutoka dirishani.

Maoni ya kwanza huwa "picha imelala", yaani vitu vinaonekana bapa, na ushauri unaofuata ni "ongeza kontrasti", tofauti ya mwanga na giza. Hapo ndipo pa kujifunza kusikiliza. Mkosoaji akikuonyesha mahali penye kasoro, mara nyingi yuko sahihi. Dawa anayotaja ndiyo mara nyingi siyo. Chukua mahali, dawa itafute mwenyewe. Picha imelala kwa sababu dirisha liko mgongoni kwako, au umewasha flashi. Mwanga ukitoka ulipo wewe, vivuli huangukia nyuma ya vitu, kamera isivione, na vivuli ndivyo vinavyoliambia jicho kwamba chupa ni ya mviringo. Ifikirie meza kama uso wa saa ya ukutani: kamera ikiwa penye 6, dirisha liwe penye 10. Penye 3 simamisha karatasi ngumu ya manila, nyeupe, sentimita 30 hivi kutoka kwenye chupa, irudishe mwanga kidogo upande wa giza.

Na saa usizinakili tu kutoka kwa watu wa Dar. Saa zetu ni moja, lakini sisi tuko magharibi kabisa, na jua la Dar hutangulia la Kigoma kwa takriban dakika 40. Huku utosini hufika karibu na saa saba mchana. Dirisha la mashariki likiwa linaingiza jua moja kwa moja, subiri lipande, au tundika pazia jepesi jeupe.

"Dagaa hawaonekani vizuri, ongeza ukali." Mahali sawa, dawa sivyo. Ngozi ya dagaa inang'aa kama bati. Kamera hupima wastani wa mwanga, na kitenge kikiwa cha rangi nzito inadhani pote ni giza, basi inaongeza mwanga, na migongo ya dagaa inaungua ikawa weupe mtupu. Weupe huo hauna kitu ndani yake, programu haiwezi kuufufua. Kwenye simu, gusa dagaa na ushikilie kidole mpaka kipimo kijifunge, kisha shusha alama ya jua. Kwenye kamera, shusha fidia ya mwanga (kitufe cha +/-) kwa theluthi mbili ya stopu hadi stopu moja (stopu moja chini ni nusu ya mwanga), tundu la lenzi f/8, wepesi wa kuhisi mwanga ISO 100, kamera kwenye stendi, taima ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise.

Chupa ikionekana inapinda, umeisogelea mno. Rudi nyuma mita moja, tumia lenzi ya 2x.

Mawese yanataka maelezo zaidi. Utaambiwa "chupa nyeusi, iongezee mwanga". Ukiongeza mwanga mbele utapata mng'ao wa dirisha juu ya kioo, ndani mle mle giza. Kimiminika kinachopitisha mwanga huchukua wangavu wake kutoka kwa kilicho nyuma yake. Kata karatasi nyeupe, nyembamba kidogo kuliko chupa, iegemeze nyuma yake ikiwa imeinamia dirishani, kamera isione kingo zake. Wekundu utawaka hapo hapo. Kuna na lingine: mawese yakipoa hugawanyika, chini yanaganda na juu yanabaki majimaji, na asiyeyajua atasema kuna uchafu. Tumbukiza chupa kwenye maji ya moto yasiyochemka dakika 15 au 20, ikaushe nje vizuri, upige kabla haijapoa. Taa ya chumbani izime. Mwanga wa balbu ukichanganyika na wa dirisha, chupa upande mmoja ni mawese, upande wa pili ni soda ya machungwa.

Sasa, umuulize nani, na vipi? Ukimuuliza mtu "nzuri?", atakujibu "nzuri sana, hongera", maana adabu zetu hazimruhusu kusema vingine. Mwonyeshe picha kwa sekunde tatu, ifunike, umuulize ameona nini. Akisema "kitenge", basi kitenge kimekula chakula chote. Kukigeuza hakusaidii, kitenge kizuri kina rangi pande zote mbili; weka gunia au ubao wa mninga.

Kwa upande wa dagaa wenyewe, mkosoaji ninayemwamini kuliko mpiga picha yeyote ni mama anayewauza. Msalimie, shikamoo yake kwanza, kisha umuulize kama angewanunua hao wa kwenye picha. Atakujibu bila kupepesa: "Hawa wa mchangani, mwanangu, tena wamelowa." Ameona punje za mchanga, vichwa vilivyokatika, matumbo yaliyofifia. Hapo hakuna taa itakayosaidia. Tafuta waliokaushwa kwenye kichanja, chagua kwa mkono 40 hivi walio wazima uwapange juu, waliovunjika wakae chini kujaza ungo, na upitishe brashi kavu.

Kila marekebisho yawe moja, yapigiwe picha yake, mengine yote yakiwa palepale kwenye alama. Ukimaliza, rudi kwa yule yule aliyekukosoa na picha mbili, ya zamani na mpya, za ukubwa mmoja, usimwambie ipi ni ipi. Akichagua ya zamani usibishane naye, rudi mezani uangalie manila kwanza. Mara nyingi utaikuta imesogezwa hadi karibu kugusa chupa, kivuli kimekufa, na picha imelala upya.