Sarafu za majaribio za Afrika: nyingi ni chenji tu

Anayeanza kukusanya sarafu za Afrika huru hakawii kusikia neno "majaribio", yaani sarafu iliyogongwa kujaribu muundo, madini au mhuri kabla ya kutoa sarafu zenyewe. Muuzaji akishalitamka, bei hupaa. Nyingi nilizoonyeshwa mimi kwa jina hilo zilikuwa chenji ya kawaida.

Dhana: sarafu isiyo na maandishi uliyoyazoea ni ya majaribio. Shilingi ya Kenya ya 1966 ndiyo inayowaponza wengi. Kichwa cha Jomo Kenyatta kimekaa peke yake, pembeni hakuna neno. Aliyezoea ile yenye "The First President of Kenya Mzee Jomo Kenyatta" huona kuna kitu kimesahaulika. Hakuna kilichosahaulika: zilizotolewa kati ya 1966 na 1968 ziko hivyo, na maneno yakaongezwa 1969.

Kisa ni hicho hicho kwa senti 5 na 10 za Afrika Mashariki za 1964, zile zenye tundu katikati na zisizo na jina la Malkia wa Uingereza. Tanganyika ilikuwa jamhuri tangu Desemba 1962, haikuwa tena chini ya Malkia, ila sarafu za pamoja ziliendelea kutumika mpaka kila nchi ilipotoa zake mwaka 1966.

Dhana: ikishika sumaku wakati mwenzake haishiki, ni jaribio la madini. Chukua shilingi 10 mbili za Tanzania, ya 1987 na ya miaka ya 1990. Ya kwanza ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, sumaku haiigusi. Ya pili ni chuma kilichovikwa nikeli, inaruka na kunasa. Ni kubana matumizi tu, maana chuma ni rahisi.

Dhana: zenye neno ESSAI zilitoroshwa kiwandani. Hii hunichekesha. "Essai" ni Kifaransa, maana yake jaribio, na kiwanda cha Paris kililigonga waziwazi kwenye sarafu za makoloni ya zamani ya Ufaransa. Djibouti ilipopata uhuru 1977, vipande vya aina hiyo vilitolewa vikiwa na mwaka huo huo, na wakusanyaji wakavinunua bila kujificha. Ni adimu, ndiyo, lakini si siri.

Dhana: ya majaribio hung'aa kuliko nyingine. Inayong'aa kama kioo mara nyingi ni ya seti maalumu ya kumbukumbu, kama zile za Tanzania za 1966. Jaribio la fundi huwa halipendezi. Fundi anataka kuona kama mhuri wa chuma umechongwa sawasawa, kwa hiyo anagonga upande mmoja tu, pengine kwenye kipande cha risasi au bati, madini laini yasiyochosha mhuri. Ukigeuza unakuta nyuma patupu, na ukingo haukunyooka. Wengi wangekitupa.

Wala usichanganye jaribio na kosa. Picha iliyohamia pembeni ni sarafu iliyoponyoka mikononi mwa wakaguzi. Hakuna aliyekuwa anajaribu chochote.

Dhana: ikiwa na jina la nchi, ilitoka serikalini. Jihadhari na vipande vya 1500 za CFA, faranga ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika, vilivyoandikwa pia "1 Africa", vyenye miaka kama 2003 na majina ya nchi kama Benin na Togo. Nchi hizo hutumia sarafu za benki kuu yao ya pamoja, BCEAO. Vipande hivyo vilibuniwa na watu binafsi ili kuwauzia wakusanyaji.

Dhana: adimu kuliko zote lazima iwe ya majaribio. Shilingi 5 ya Uganda ya 1972, yenye pembe saba, ilikuwa sarafu halali iliyotengenezwa kwa matumizi ya kila siku. Iliondolewa, na karibu zote zikayeyushwa. Ukiletewa moja, usiisugue kwa chochote. Ipime uzito, tazama ukingo kwa kioo cha kukuzia, kisha muulize mwenyewe aliipata kwa nani na kama kuna karatasi yoyote ya mnada au risiti. Akianza kusimulia habari za mjomba aliyefanya kazi benki, mimi hurudisha pochi mfukoni.