Maji Maangavu, Bloku Iliyoziba

"Fundi, hebu tazama mwenyewe, maji hayana hata doa." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi mno hapa Nakuru, na wiki iliyopita niliisikia tena kutoka kwa mpiga video za arusi ambaye kompyuta yake, inayopozwa kwa maji yanayozunguka kwenye mipira, ilikuwa ikijizima kila alipofika katikati ya kazi. Alikuwa ameileta kutoka Kisumu akiipakata kwenye matatu, tangi likiwa limejaa, jambo ambalo nimeamua kulisamehe. Lisilosameheka ni hoja yake: prosesa inagonga nyuzi 96, lakini kwa kuwa maji yanayoonekana tangini ni maangavu, basi mfumo wa maji ni mzima na ubovu uko kwingine.

Ndani ya bloku, kile kifaa kinachokaa juu ya prosesa kuiondolea joto, mna mifereji iliyochongwa kwenye shaba, mingi yayo ikiwa myembamba kuliko nusu milimita. Maji yote ya mfumo hupita hapo, mzunguko baada ya mzunguko, mchana kutwa. Kipande chochote kinachoelea na kisichoweza kupenya hubaki hapo, na maji yanayotoka upande wa pili huwa yamechujwa. Kwa hiyo, maji yakiwa maangavu, huenda ni kwa sababu bloku imeyafanyia kazi ambayo haikuundwa kuifanya. Hakuna mtu anayetazama chai iliyo kikombeni akahitimisha kwamba chujio halina majani.

Niliifungua bloku hiyo mbele yake, nikilegeza skrubu kidogo kidogo kwa mshazari ili kifuniko kisipinde. Mifereji haikuonekana kabisa. Juu yake palikuwa na utando mweupe mzito, uliofanana na mabaki ya maziwa mala kwenye kibuyu ambacho hakijaoshwa. "Ni chumvi ya maji ya Nakuru," mteja alisema mara moja, ingawa maji aliyatia akiwa Kisumu. Nilikwaruza kidogo kwa ukucha na kusugua kati ya vidole: yalikuwa mafuta, hayakuwa chokaa. Nikadondoshea siki; hakuna povu wala badiliko lolote. Nikatumia maji ya moto na sabuni ya vyombo pamoja na mswaki laini, na utando ukaachia. Hiyo si chumvi. Ni kilainishi kilichomo kwenye mipira ya plastiki inayoonyesha ndani, ile inayouzwa kwa mita. Maji yenye joto huking'oa polepole kutoka kwenye mpira, kisha hukitua mahali penye njia nyembamba zaidi. Mpira nao hugeuka mgumu na wenye ukungu. Mpira mweusi wa EPDM (aina ya raba) hauna tabia hiyo, lakini hauonyeshi maji yakipita, na wateja wangu hupenda kuyaona.

Sasa nirudi kwenye hiyo chumvi, maana ndiyo inayonichosha kuliko yote. Wapo wanaoamini kwamba maji ya chupa yanafaa kwa sababu ni safi, na wapo wanaoamini kwamba maji yetu ya visima huziba bloku kwa sababu yana floridi. Wote wamekosea, kila mmoja kwa namna yake. Maji safi ya kunywa ni maji yasiyokudhuru ukiyanywa. Hayo yanaruhusiwa kuwa na madini, na mara nyingi madini hayo ndiyo huyapa ladha. Kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa moto huua vijidudu na kupunguza maji, huku sehemu kubwa ya madini ikibaki sufuriani ikiwa imekolea zaidi. Na hiyo floridi, ambayo ni kweli imezidi katika visima vingi vya Bonde la Ufa na imeyatia meno ya watu wetu rangi ya kahawia, siyo inayojenga ukoko. Ukoko wa birika hutokana hasa na kalsiamu na magnesiamu, na maji yenye floridi nyingi katika eneo hili kwa kawaida huwa na kalsiamu kidogo.

Tena, piga hesabu. Maji yenye miligramu 200 za madini katika kila lita, yakitiwa kwenye mfumo wa lita moja, yanaingiza miligramu 200 basi, yaani chembe za kujaa kwenye ncha ya kijiko. Mfumo uliofungwa haufanani na birika linalojazwa kila asubuhi. Tatizo huja mtu anapoongeza: maji hupotea kidogo kidogo kupitia kwenye kuta za mipira, madini hayapotei, na kila unapojazia kwa maji ya chupa unaleta mzigo mwingine. Hata hivyo, sababu yangu kuu ya kuyakataa ni kwamba madini huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na hivyo kuharakisha kuliwa kwa metali. Ukiwa na rejeta (kipozeo chenye mapezi ambamo maji hupoteza joto) ya alumini na bloku ya shaba katika mfumo mmoja, alumini italiwa, na hapo hakuna maji yatakayokuokoa.

Tumia maji yaliyopatikana kwa kupoza mvuke, au yaliyoondolewa madini. Yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari yanaweza kufaa, mradi usome kibandiko mara mbili, kwa maana kwenye rafu hiyo hiyo hukaa asidi ya betri katika chupa zinazofanana na za maji hayo. Usidhani kwamba maji hayo hayapitishi umeme milele; baada ya muda hubeba chembe za metali, kwa hiyo yakivuja juu ya kadi ya grafiki, zima kwanza, kisha ndipo ulalamike. Dawa ya rejeta ya gari ifunge kabatini. Nyingi ni sumu, na zina utamu unaoweza kumvutia mtoto.

Usafi wenyewe hauna maneno mengi. Toa maji, fungua bloku, osha, kagua pete za mpira, suuza rejeta kwa maji ya moto mpaka yatoke bila vumbi la lehemu, malizia kwa maji yasiyo na madini, funga. Siki nyepesi husafisha shaba tupu vizuri, lakini kwenye bloku iliyopakwa nikeli mimi huiogopa, kwa sababu nimewahi kuona madoa na hadi leo siwezi kuapa kama ni siki au nikeli yenyewe ilipakwa vibaya. Spiriti isiguse akriliki, ile plastiki angavu ya vifuniko. Kosa hili ni langu mwenyewe: niliwahi kupangusa kifuniko cha mteja kwa spiriti, na kabla sijamaliza kukikausha kikawa na nyufa kama utando wa buibui. Nilikilipa.

Kuhusu muda, vitabu vya maelekezo husema miezi 6 au 12 kwa uhakika ambao mimi sina. Nimefungua mfumo wa miaka miwili usiokuwa na dawa ya mwani nikaukuta unang'aa, na mwingine wenye dawa ukawa na utelezi wa kijani ndani ya msimu mmoja, tena umewekwa mbali na dirisha. Nawaambia wateja mwaka mmoja kwa sababu ni rahisi kukumbuka.

Na tafadhali, msisahau rejeta kwa nje. Maji hayapozi chochote, hubeba joto tu: prosesa na kadi zinazotoa wati 400 zingepandisha lita moja ya maji kwa takriban nyuzi 6 kila dakika kama hewa isingeliondoa joto hilo. Hewa ya Nakuru, katika mwinuko wa mita 1,850 hivi, tayari ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Ukiongeza vumbi la Januari kwenye mapezi, feni zinapuliza ukuta. Unapolipuliza, zuia feni kwa kidole.

Baada ya kufunga, niliiwasha pampu peke yake usiku kucha, karatasi za shashi zikiwa chini ya kila kiungo, na sikuiacha hata mara moja izunguke bila maji, kwa kuwa maji hayo ndiyo grisi yake. Asubuhi karatasi zilikuwa kavu. Video ile ile iliyokuwa ikiizima mashine ilimalizika prosesa ikiwa kwenye nyuzi 71. Mteja aliondoka na kompyuta yake, safari hii tangi likiwa tupu, akaacha mezani chupa ya lita moja na nusu aliyokuwa ameinunua njiani ili nimwongezee kidogo. Niliyanywa.