Cheti cha Kughushi: Aliyekitumia Naye Ana Kesi

"Wakili, mimi sikughushi. Nilitengenezewa tu." Kauli hii tunaisikia mno kwenye dawati letu la msaada wa kisheria, na kila mara inaniumiza, maana anayeisema huwa ameshajitia kwenye kosa jingine bila kujua.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania (namba za vifungu hapa ni za toleo la 2022), katika kifungu cha 333 inasema kughushi ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Si lazima uanze na karatasi tupu: kifungu cha 335 kinamgusa hata anayebadilisha hati halali bila mamlaka. Adhabu ya jumla, kifungu cha 337, ni kifungo cha hadi miaka 7.

Kifungu ambacho wengi hawajakisikia ni cha 342. Anayewasilisha hati ya uongo, huku akijua na kwa nia ya udanganyifu, anastahili adhabu ileile ya aliyeighushi. Neno "akijua" ni zito, na kulithibitisha ni kazi ya upande wa mashtaka.

Chukua kijana aliyezaliwa 1996, anayetafuta kazi yenye ukomo wa umri. Anapeleka cheti cha kuzaliwa steshenari, kinaskaniwa, 1996 inageuzwa 2001, muhuri unarudishiwa rangi. Mwenye kompyuta ameghushi. Kijana naye, akikikabidhi tu kwa mwajiri, ana kosa lake linalojitegemea. Na kwa kuwa ndiye aliyeagiza, anaweza kuunganishwa kwenye kughushi pia. Wala hafiki mbali: namba yake ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Afisa anasoma 1996 kwenye namba, 2001 kwenye cheti.

Kama tarehe yako ilikosewa kweli, nenda RITA (wanaosajili vizazi na vifo) au NIDA na vielelezo halisi uombe marekebisho. Kitambulisho kikipotea, anzia polisi upate taarifa ya upotevu. Na kama umeshawasilisha cheti cha kughushi, nakuomba usikichane wala kukichoma, maana kuharibu ushahidi ni kosa jingine. Kiweke pamoja na kile cha kweli, uende navyo kwa wakili kabla hujaandika maelezo popote.