Dielenhaus: makazi ya mfanyabiashara au ghala lake?

Dielenhaus ni nyumba ya wafanyabiashara wa Lübeck, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani uliokuwa kinara wa Hansa, muungano wa miji ya biashara ya Baltiki. Mtindo wake ni wa Kigothi, ule wa Ulaya ya zama za kati, ila wa matofali, kwa kuwa mawe ya kuchonga ni adimu pande zile. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1276 matofali yakawa sharti, na majirani wakawa wanachangia ukuta mmoja mnene wa kuzuia moto.

Viwanja vilikuwa vyembamba na virefu, hivyo nyumba ilielekeza upande wake mfupi mtaani. Ukuta huo wa mbele hupanda kwa vipandio hadi kileleni, umejaa vidaka vyenye matao yaliyochongoka, utadhani ni kipande cha kanisa. Usidanganyike na mapambo. Nyuma ya madirisha yale ya juu hakuna aliyelala. Kulikuwa na shehena.

Ukiingia mlangoni unafikia Diele, ukumbi mpana wenye dari ya juu sana. Hapo mizigo ilipokelewa, wateja walihudumiwa, na chakula kilipikwa humo humo. Katika dari mna tundu lenye kifuniko, na juu kabisa, chini ya paa, gurudumu kubwa la mbao. Mtu alivuta kamba, gurudumu likazunguka, gunia likapaa ghorofa baada ya ghorofa. Sisi tumezoea duka chini na watu juu. Hawa walipandisha bidhaa, maana juu ni pakavu na pana hewa, panafaa nafaka. Mapipa yalishushwa chini ya ardhi kwenye ubaridi.

Na mwenye mali je? Alibanwa pembeni. Kando ya mlango palikuwa na Dornse, kijichumba chenye joto alimofanyia hesabu za chumvi ya Lüneburg, mji wa jirani, samaki wa heringi, nta na manyoya ya Novgorod huko Urusi. Familia ilipata nafasi zaidi katika jengo la nyuma, lililoelekea uani.

Mabomu ya Machi 1942 yaliteketeza sehemu ya mji mkongwe, lakini uliobaki uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1987. Kuta nyingi za mbele zilibadilishwa baadaye kufuata mitindo mipya, kwa hiyo nyumba ya sura ya karne ya 18 huweza kuwa na mwili wa Kigothi. Anayetaka kuitambua aingie ndani, atafute lile tundu la dari.